Masika ya Kumlinda Shangazi

Jumatatu, 11 Machi

Mvua ya kwanza. Baada ya chai Mjomba ameniita chumba cha mazoezi ya bendi, akatia komeo mlangoni, akaniambia kuna mtu anamchezea Shangazi.

Niandike vizuri, maana daftari hili ndilo atakaloliomba siku akitaka ushahidi. Shangazi si mtu. Ni kinanda cha umeme, cheusi, kirefu kama mlango wa kabati na kizito kama gunia la unga, kilichoingia kwenye bendi ya Mjomba kabla mimi sijazaliwa. Walikiita hivyo kwa sababu hakuna harusi inayofanyika bila yeye, na akishaanza kusema hakuna wa kumnyamazisha. Vinanda vipya vimekuja vikaondoka, vingine vikiwa na vioo vya rangi kama simu. Yeye amebaki, na dirisha lake la kijani lenye nafasi ya herufi kumi tu, na vitufe bapa ambavyo ukivibonyeza havishuki.

Ndani yake kuna sauti thelathini na mbili. Ya kumi na moja ndiyo watu wanayoifuata. Kwenye dirisha imeandikwa KENGELE 3. Mjomba aliitunga akiwa na umri kama wangu, masika mazima, akibadilisha namba bila kujua kila namba inafanya kazi gani, mpaka ikatoka: kijiko kinagonga bilauri yenye maji nusu, halafu maji yenyewe yanaitikia. Kengele ya kwanza na ya pili zilimshinda.

"Mtu anaififisha," alisema. "Kidogo kidogo, kila wiki. Anaondoa ule ukali wa juu. Sauti hii nimeizaa mimi, sidanganyiki."

"Nani?"

"Ningemjua ningekuita? Wewe umesoma hesabu, halafu kwa kushuku watu hujambo. Mama yako kaniambia."

Ni kweli. Mama husema mimi hata salamu huigeuza nione nyuma kuna nini. Nikakubali. Nakaa hapa kwa Mjomba nikisubiri barua ya kazi, na barua haina haraka.

Jumanne, 12 Machi

Asubuhi nzima nimenakili namba. Sauti moja ina namba zaidi ya mia moja, kila moja kati ya sifuri na tisini na tisa. Nimeelewa hivi: ndani ya kila sauti kuna sauti ndogo sita. Baadhi zinasikika. Nyingine hazisikiki kabisa, kazi yao ni kuzitingisha zile zinazosikika, na kadiri zinavyotingisha kwa nguvu ndivyo mlio unavyokuwa mkali. Mtingishaji mkuu wa KENGELE 3 yuko kwenye sabini na nane.

Hii kazi inanipendeza. Ngoma hulegea kwa unyevu, nyuzi za gitaa hushuka kwa baridi, lakini namba hazishiki kutu. Zikibadilika, kuna mkono.

Jumamosi, 16 Machi

Mazoezi. Nimekaa kwenye kona na daftari, wote wakajua nimekuja kuwakagua, maana Mjomba hawezi kuficha kitu usoni.

Washukiwa wangu ni wawili. Wa kwanza ni mwimbaji, wanayemwita Malkia. Analalamika miaka yote kwamba kengele inamfunika sauti. "Siku moja nitamkata Shangazi waya," alisema leo, akicheka. Nimeyaandika maneno na kicheko.

Wa pili ni Besi, mpiga gitaa la besi. Siku za kazi anashona makochi. Amekuwa rafiki wa Mjomba tangu dawati moja shuleni, na ndiye pekee mwenye ufunguo wa pili wa chumba hiki.

"Hesabu," aliniita, "mimi uniandike kwa kalamu gani, nyekundu au ya buluu?"

"Sijaanza kukuandika."

"Basi andika kwamba mimi ni mrefu na mwenye sura nzuri, wapelelezi husahau hayo."

Mpiga ngoma alisinzia. Yeye hashuku wala hashukiwi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Namba zile zile.

Jumamosi, 23 Machi

Mjomba alisimamisha wimbo katikati. "Nani kamgusa?" Alipiga noti moja ya juu mara tano, sita, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua ina watu. "Imekufa hii. Imekuwa ya mbao."

"Chifu, mimi naisikia," Malkia alimwambia Mjomba.

"Wewe unajisikia mwenyewe."

Wote walicheka isipokuwa Besi, ambaye alikuwa akitazama spika ya Mjomba. Nimekagua usiku ulipoingia: namba zile zile. Nikadhani spika imechoka. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza bila spika. Kijiko, bilauri, maji. Mimi sikusikia mbao.

Alhamisi, 28 Machi

Mwanamke wa studio amekuja kumwona Shangazi. Huja wengi. Juzi alikuja mzee wa kinanda cha kanisani, akampapasa kwa nyuma ya vidole jinsi unavyompima mtoto homa, akaondoka bila kupiga hata noti moja. Huyu wa studio alileta kompyuta yenye Shangazi mzima ndani, sauti zote thelathini na mbili za kiwandani, na nyingine elfu. Alituchezea. Malkia alisema ni zile zile. Kisha mwanamke akafunga kompyuta yake, akavua pete zote tatu, akaomba apige kidogo kwenye chenyewe. Alipiga nusu saa. Sijui kwa nini hilo lilinigusa, mtu kuvua pete.

Wakati wa kuondoka niliwaona yeye na Besi barazani. Besi alimpa karatasi iliyokunjwa. Waliponiona wakaanza kuzungumzia mvua.

Jumanne, 2 Aprili

Je, kama Besi habadilishi namba bali anazinakili? Kuna bendi ambazo zingetoa jicho kwa KENGELE 3. Namba hizi zinaenea kwenye karatasi moja.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimefika saa moja kabla ya wenzangu. Mlango ulikuwa wazi. Besi alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika ya Mjomba, kisha akainuka, akaenda kwa Shangazi, akabonyeza noti ya juu, akasikiliza, akarudi nyuma ya spika.

"Unafanya nini?"

Aliruka. "Nafuta vumbi."

Mikononi hakuwa na kitambaa.

Nilikagua namba mara mbili. Hakuna iliyobadilika, na hapa niandike ukweli ambao sitamwonyesha Mjomba: nilivunjika moyo. Nilitaka nikute moja tu imehama.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia Mjomba. Karatasi, magoti, vumbi. Nilimwambia pia kwamba namba hazijaguswa, lakini nililisema hilo mwishoni na kwa sauti ndogo.

Alisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Kisha, "Afadhali angekuwa mtu mwingine yeyote."

Jumamosi, 13 Aprili

Sikutegemea iwe mbele ya watu.

Mjomba alingoja wote wachomeke nyaya za vyombo vyao, akasema, "Besi, niletee ufunguo." Besi alidhani ni utani. Alisema, "Chifu, unataka kujifungia na nani?" Hakuna aliyecheka, naye akaona.

"Umemuuza Shangazi kwa watu wa studio. Na kisha unamharibu hapa ili tubaki na maiti."

"Nani kasema?"

Mjomba hakunitazama. Besi ndiye aliyenitazama, na sikuona hasira, ambayo ningejua la kuifanyia. Alinitazama kama mtu anayesoma saa.

"Karatasi uliyompa yule mwanamke ilikuwa nini?" niliuliza. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza.

"Ombi."

"La nini?"

"La kuazima kitu."

"Kitu gani?"

Alimtazama Mjomba kwa muda mrefu. Malkia alisema, "Mwambie basi, ndugu yangu, tuendelee." Besi akatikisa kichwa. Mimi niliandika: amekataa kujibu. Nililiandika hapohapo, mbele yake.

Nilisema tena kwamba namba hazijahama. Mjomba akanijibu, "Namba unazijua wewe. Sauti naijua mimi."

Besi akaweka ufunguo juu ya Shangazi, pembeni, taratibu ili usikwaruze. Akaingiza gitaa kwenye mkoba, akapandisha zipu. Mlangoni akaniambia mimi, si Mjomba, "Uwe unamkalia mjomba wako upande wa kulia." Akatoka kwenye mvua bila kofia.

Miaka thelathini na moja kwenye bendi. Malkia ndiye aliyehesabu.

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi Mjomba alikuwa jikoni akisoma gazeti. Birika lilikuwa motoni hapohapo, mkono mmoja kutoka kwake. Likaanza kupiga mluzi. Likapiga, likapiga. Mjomba akageuza ukurasa.

Mkewe aliingia kutoka uani na mikono yenye sabuni, akalishusha, akatoka. Hakumshangaa.

Ndipo mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Kwamba mke wa Mjomba humwita kwa kumgusa bega. Kwamba Mjomba huniambia "nini?" nikizungumza nikiwa kushoto kwake. Kwamba hupandisha redio halafu hulalamika kwamba watangazaji wa siku hizi wanatafuna maneno. Noti ya juu. Ukali wa juu. Namba hazijahama, spika haijachoka, na mimi niliyesoma hesabu nimehesabu kila kitu ndani ya chumba kile isipokuwa masikio yake.

Nilimfuata mkewe uani. "Mama, unajua."

Aliendelea kukamua shuka. "Najua nini?"

"Kuhusu Mjomba."

"Nilikuwa nangoja aje mtu asiye mke wake amwambie," alisema. "Wewe ukaja na daftari, nikasema afadhali. Kumbe unawaandika wengine."

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kwenye karakana ya Besi. Alikuwa ameinamia kochi lililovuliwa kitambaa, misumari midogo midomoni.

"Hesabu. Umekuja kukagua na makochi?"

"Mjomba hasikii."

Alitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye godoro. "Anasikia. Anasikia besi, anasikia ngoma, anasikia watu wakimsengenya chumba cha tatu. Vya juu ndivyo vimemkimbia."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Simu yake ililia mfukoni mwake mwenyewe, nikacheka, akaniuliza nacheka nini."

Kisha akanieleza lile nililopaswa kuuliza kabla ya kuandika. Yule mwanamke wa studio alimwazima kisanduku cha kukuza milio ya juu. Karatasi ilikuwa maelezo ya spika yetu, ili apewe kinachofaa. Siku niliyomkuta amepiga magoti alikuwa anakiunganisha kwenye spika ya Mjomba peke yake, ili kengele imfikie na sisi wengine isitukate masikio. Hakikutosha.

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya bendi?" Alikunja uso. "Mwimbaji akikohoa unampa maji. Mpiga kinanda ukimwambia kengele yake ipo palepale ila yeye ndiye ameondoka, unampa nini?"

"Ukakubali kuitwa mwizi."

"Mwizi akirudi atakuwa mwizi aliyerudi. Watu watachoka kusema. Lile neno lingine likishasemwa halirudi." Akachukua msumari. "Halafu usijiumize sana. Kama si wewe angemtuma mwingine. Ila mwingine asingeandika kwa mwandiko mzuri hivyo."

Alinitania. Sikustahili.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimefanya kitu.

Kabla ya mazoezi nilitoa kufuli ya kumbukumbu, ile inayozuia namba zisibadilishwe, nikapeleka mtingishaji mkuu wa KENGELE 3 kutoka sabini na nane hadi tisini na mbili. Nilifikiri: atasikia kengele yake, atatulia, shuku zitakwisha, Besi atarudishwa polepole. Nilikuwa nimeandika hatua zote pembeni, kama uthibitisho wa hesabu.

Mjomba alikaa, akapiga noti ya juu. Akaipiga tena. Aliweka mkono mwingine usoni akaufuta kuanzia paji mpaka kidevu.

"Imerudi," alisema.

Malkia aliziba sikio moja. Mpiga ngoma aliamka. Ilikuwa kama kisu kwenye sahani. Mjomba alicheka, alipiga, alicheka, sijamwona hivyo tangu nije. Kisha akatugeukia.

"Mmeona? Juma moja tu tangu aondoke. Juma moja. Mtaniambia nini tena?"

Mimi nilifunga daftari.

Jumatatu, 22 Aprili

Mjomba amempata mpiga besi mpya. Atakuja Jumamosi. Akishachukua nafasi, Mjomba hawezi kumtoa bila kueleza, na Mjomba haelezi.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Nimefika mlango wa chumba cha mazoezi mara tatu nimwambie, nikarudi.

Jumatano, 24 Aprili

Mara mbili.

Ijumaa, 26 Aprili

Alasiri Mjomba alikuwa peke yake na Shangazi. Nikakaa kulia kwake.

"Mjomba, aliyembadilisha ni mimi."

"Nini?"

"Ni mimi. Jumamosi iliyopita. Nimepandisha namba. Siku zote ilikuwa sabini na nane, haikuguswa na mtu. Nimeiweka tisini na mbili."

Alicheka kidogo. "Unamtetea."

"Tazama dirishani."

Alitazama. Nikamwonyesha ukurasa wa tarehe kumi na mbili Machi, kisha wa kila wiki. Alipitisha kidole chini ya namba, mstari kwa mstari, midomo ikimtembea. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Irudishe," alisema.

Nikairudisha. Akapiga. "Umeizima."

"Sijaizima. Hiyo ndiyo uliyoitunga."

"Piga wewe."

Nilipiga. Hakutazama kinanda, alitazama uso wangu, kwa karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Maji unayasikia?"

"Nayasikia."

"Yanaitikia?"

"Yanaitikia, Mjomba."

Alizima umeme. Akamfunika Shangazi kwa shuka lake, akakunja pembe zote nne, hata zisizohitaji kukunjwa. "Ondoka," aliniambia, bila ukali.

Jumamosi, 27 Aprili

Mpiga besi mpya amekuja, ameambiwa hakuna mazoezi. Hakuna aliyeambiwa sababu.

Jumanne, 30 Aprili

Hajanisemesha. Mkewe ananipakulia kingi kuliko kawaida, ndiyo njia yake ya kusema.

Alhamisi, 2 Mei

"Chukua mwavuli," Mjomba alisema baada ya siku sita, na sikuuliza tunaenda wapi. Njiani, nikiwa kulia kwake, nilimweleza niliyoambiwa karakana: simu, karatasi, kisanduku.

Besi alituona tukiingia karakana, akavuta kiti, akakifuta kwa kiganja. Mjomba hakukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua, Chifu."

"Tangu simu?"

"Tangu simu."

"Mwaka mzima napiga mbele za watu, wewe unajua na mimi sijui."

Besi akaokota nyundo.

"Basi mimi sikukosea," Mjomba alisema. "Wewe ni mwizi kweli. Umeniibia mwaka."

Nilidhani yamekwisha pale. Besi alikuwa ameshika nyundo ndogo na hakujua aiweke wapi. Mvua ilipiga mabati, na hiyo nadhani wote watatu tuliisikia.

"Niliogopa," Besi alisema. "Nilidhani ukijua utaacha. Na ukiacha wewe, mimi nitampigia nani besi?"

Mjomba akakaa kwenye kile kiti. Alikaa muda, akibonyeza sponji la kochi kwa kidole gumba, likishuka na kupanda.

"Sponji bovu hili," alisema.

"La mteja. Kaleta mwenyewe."

"Jumamosi saa kumi. Na kile kisanduku chako uje ukitoe, sikitaki."

Jumamosi, 4 Mei

Mvua imepungua, leo ilinyesha mara moja tu, asubuhi.

Besi alifika wa kwanza. Malkia alimkumbatia, akamwambia amenenepa kwenye kufukuzwa. Mpiga ngoma alimpa mkono kama mtu ambaye hajawahi kugundua kwamba aliondoka. Mjomba alimfunua Shangazi, akakunja shuka, akakaa, akapiga noti moja ya juu. Kisha akanigeukia mbele yao wote.

"Iko sawa?"

Haikuwa sawa. Ilikuwa kali. Si kisu kama siku ile, lakini kijiko kilikuwa kimepata ncha, na maji yalikuwa yamegeuka kioo.

Nilifanya nilivyozoea, nikashuku. Nilimshuku Besi, kwamba moyo wake mwema umempeleka kwenye vitufe. Nilimshuku mke wa Mjomba. Wakati huo huo niliuona uso wa Mjomba, umekunjuka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, na Besi akimwinamia kupata noti ya kukazia nyuzi zake, na maneno "iko sawa" yalikuwa yameshafika kwenye meno. Yalikuwa mepesi. Hayangemuumiza mtu yeyote leo.

Ndipo nikaona kidole cha Mjomba cha mkono wa kushoto. Kilikuwa bado juu ya kitufe cha kubadilishia namba.

"Haiko sawa," nikasema. "Ni kali."

"Kali kiasi gani?"

"Themanini na tano. Labda na sita."

Alilitazama dirisha la kijani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba mbili. "Na sita," alisema. Akaishusha mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka sabini na nane. Kisha akavuta stuli kwa mguu, akaisogeza mpaka ikagusa ya kwake.

"Kaa hapa. Na siku ukinidanganya nitajua."

Hatajua. Yeye anajua hilo, nami najua. Nikakaa, Besi akahesabu mpaka nne.